Tone lile la pili la damu ni la nini?

Wazazi wa Kaliua na Sikonge, wilaya za mkoa wa Tabora, Tanzania, huniuliza: "Mtoto ameshapimwa malaria na dawa amepewa. Hilo tone lingine mnaloweka kwenye karatasi mnalipeleka wapi?" Wana haki ya kujibiwa vizuri: linatusaidia kutafuta chanjo ya malaria.

Tone likishakauka, tunakata kiduara cha milimita chache, tunatoa vinasaba (DNA) vya kimelea na kuvisoma. Vinasaba vya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachoua zaidi, vilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002: herufi zipatazo milioni 23, jeni zaidi ya 5,000. Jeni nyingi kati ya hizo hutoa protini, na yoyote kati ya protini hizo huenda ikafaa kwa chanjo. Kuzijaribu maabara moja baada ya nyingine ni kazi ya miaka na miaka, kwa hiyo tunaanza kwa kuzichuja kwa kompyuta. Je, protini hii hukaa mahali ambapo kingamwili, yaani askari wa mwili walio kwenye damu, zinaifikia? Hutengenezwa kimelea kinapovamia ini au chembe nyekundu za damu? Inafanana na ya binadamu? Ikifanana sana, tunaiacha.

Linalonisumbua mimi zaidi ni hili: protini hiyo hubadilika kiasi gani kutoka kimelea kimoja hadi kingine? Protini iitwayo AMA1 ilitumainiwa sana. Chanjo yake ilipojaribiwa kwa watoto nchini Mali, ilikinga hasa dhidi ya vimelea vinavyofanana na kile kilichotumika kuitengeneza, vingine vilipenya. Protini nyingine, RH5, ambayo bila hiyo kimelea hakiingii kwenye chembe nyekundu, hubadilika kidogo mno. Katika majaribio ya Burkina Faso, chanjo yake ilipunguza malaria kwa watoto kwa takribani asilimia 55 ndani ya miezi sita.

Lakini kompyuta hujua kile tu ilicholishwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Tabora ikiongoza: asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na malaria, wakati kitaifa ni 8. Palipo na malaria nyingi hivi, mtoto mmoja anaweza kubeba aina mbili au tatu za vimelea kwa pamoja. Vimelea hivyo visiposomwa, tutachagua protini ya kulengwa na chanjo kwa kutazama vimelea vya kwingine.

Mzazi anaweza kukataa, na mtoto atatibiwa vilevile. Akikubali, karatasi huandikwa namba tu, si jina.