Programu haisomi unachokiona: dhana potofu za wanaoanza Python

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika kule Newala, Tandahimba na Masasi, kusini mwa Tanzania, hurudia orodha zilezile: mkulima, kijiji, kilo, bei, makato. Miezi michache kabla yake, Nachingwea na Ruangwa huwa na orodha kama hizo za ufuta. Kazi hiyo inamalizwa na skripti ya Python ya mistari thelathini, na kwa anayejifunza ni zoezi bora kuliko mchezo wa kubahatisha namba unaojaa kwenye masomo ya mtandaoni. Mifano ya hapa chini tumeitoa humo.

Dhana nyingi tunazozitaja zina mzizi mmoja. Anayeanza huamini programu inasoma kile macho yake yanachokiona. Programu inasoma herufi moja baada ya nyingine, pamoja na zile zisizoonekana kwenye skrini.

“Nimeandika namba, basi ni namba”

Ukiandika `kilo = input("Kilo: ")` kisha ukajaza 62, ulichopata si namba. Chochote kinachotoka kwenye `input()` ni maandishi. Ndiyo maana `kilo * 3` haileti 186. Inaleta 626262, na Python hainung'uniki, kwa sababu kurudia maandishi mara tatu ni amri halali. Kosa la namna hii ndilo la hatari, kwa kuwa halipigi kelele. Ukijaribu kujumlisha maandishi na namba utaletewa TypeError na programu itasimama. Hiyo ni bahati nzuri.

Wengi wanajua dawa: `int()` kwa namba kamili, `float()` kwa zenye desimali. Wanakokwama tena ni kwenye namna tunavyoandika fedha. Daftari linasema 3,200/= na `int()` inagoma:

`ValueError: invalid literal for int() with base 10: '3,200/='`

Angalia mwisho wa ujumbe huo. Alama za nukuu zinakuonyesha kile hasa programu ilichokipokea, pamoja na mkato na mkwaju. Viondoe kwanza:

`bei = int(bei.replace(",", "").replace("/=", ""))`

Nafasi tupu za mwanzo na mwisho `int()` huzivumilia yenyewe. Majina hayana huruma hiyo. “Mahuta” na “Mahuta ” yenye nafasi moja mwishoni ni vijiji viwili kwa Python, na kilo za kijiji kimoja zitagawanyika mafungu mawili bila mtu kuambiwa. Safisha kila jina kwa `.strip()` mara tu linapoingia. Na pale jumla inapokataa kulingana na daftari, usikodolee macho msimbo. Chapisha thamani yenyewe kwa `print(repr(kijiji))`. `repr` huonyesha nukuu, nafasi, na alama zilizofichika. Kama tungeruhusiwa kumfundisha anayeanza kitu kimoja tu cha kutafutia makosa, tungemfundisha hiki.

“Faili la CSV ni Excel kwa jina jingine”

CSV ni maandishi matupu, safu zake zikitenganishwa kwa mkato. Excel huyafungua, lakini inapoyahifadhi huacha alama zake, na hapo ndipo linapozaliwa swali linaloulizwa kila mara: “Safu ya mkulima ipo, mbona naambiwa KeyError: 'mkulima'?”

Chapisha majina ya safu jinsi yalivyosomwa:

`msomaji = csv.DictReader(faili)`
`print(msomaji.fieldnames)`

Ukiona `'\ufeffmkulima'` au `'ï»¿mkulima'`, jibu umelipata. Ukichagua kuhifadhi kama “CSV UTF-8”, Excel huweka alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, nayo hujibandika kwenye jina la safu ya kwanza. Safu nyingine huwa salama, na ndiyo maana tatizo huonekana la kichawi. Fungua faili hivi:

`open("mauzo.csv", encoding="utf-8-sig", newline="")`

Ukiona badala yake jina moja refu, `'mkulima;kijiji;kilo'`, kompyuta iliyotengeneza faili ina mipangilio ya nchi inayotenganisha safu kwa nukta mkato. Ongeza `delimiter=";"` ndani ya DictReader. Hakuna haja ya kupakua maktaba kubwa ya takwimu kwa ajili ya hili. Moduli ya csv inakuja na Python yenyewe, na bando lako linabaki.

“Nimeuliza kama jibu ni ndiyo au ndio”

`if jibu == "ndiyo" or "ndio":`

Mstari huu hukubali kila jibu, hata “hapana”. Python inauona kama maswali mawili: je, jibu ni sawa na “ndiyo”? Au, je, “ndio” ni maandishi yenye kitu ndani? La pili ni kweli siku zote. Andika:

`if jibu.strip().lower() in ("ndiyo", "ndio"):`

“Ujumbe wa kosa ni kelele za Kiingereza”

Ukisomwa kutoka juu kwenda chini, kweli unachosha. Usome kutoka chini. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa na sababu yake; juu yake huonyeshwa sehemu ya msimbo iliyogoma; na juu zaidi kuna jina la faili na namba ya mstari.

`File "malipo.py", line 14, in <module>`
`jumla = jumla + kilo`
`TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'`

Hapa umeambiwa kila kitu: mstari wa 14, alama ya kujumlisha, upande mmoja namba na mwingine maandishi. Msamiati wa kujifunza si mkubwa. Maneno ya lugha yenyewe ni 35, na majina unayoyatunga wewe yanaweza kuwa `kilo`, `makato` au `bei_ya_mnada` bila shida yoyote.

Kuna kosa moja ambalo namba ya mstari huweza kukudanganya, nalo ni SyntaxError. Ukiacha mabano wazi kwenye mstari wa 9, toleo la zamani litanyooshea kidole mstari wa 10 ambao hauna hatia. Kuanzia Python 3.10, ya Oktoba 2021, ujumbe husema wazi kwamba mabano hayakufungwa. Kwa matoleo ya nyuma, ukiona mstari ulioonyeshwa hauna kosa, panda mstari mmoja juu.

IndentationError na TabError ni ndugu. Python hupanga kazi kwa nafasi za mwanzo wa mstari, na nafasi nne pamoja na Tab moja huweza kuonekana sawa machoni ilhali ni vitu viwili tofauti. Weka kihariri chako kigeuze Tab kuwa nafasi nne, ambao ndio mwongozo rasmi wa Python, kisha sahau suala hilo.

“Nikifunika kwa try, kosa limekwisha”

`try` hujaribu amri, na `except` hukamata kosa likitokea. Lakini `except: pass` haiondoi kosa, inaondoa taarifa ya kosa. Kwenye orodha ya malipo maana yake ni hii: mkulima ambaye kilo zake ziliandikwa “62,4” anarukwa, jumla inatoka ndogo, na hakuna mahali pa kumtafuta. Kamata kosa unalolitarajia tu, na ulitangaze:

`except ValueError as kosa:`
`    print(msomaji.line_num, repr(mstari["kilo"]), kosa)`

Sasa una namba ya mstari kwenye faili na kile kilichoandikwa pale. Rudi kwenye daftari ukasahihishe.

“Kompyuta haikosei hesabu”

Chapisha `0.1 + 0.2` upate 0.30000000000000004. Chapisha `int(4.35 * 100)` upate 434, siyo 435. Desimali huhifadhiwa kwa mfumo wa mbili, na nyingi haziingii humo kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa tarakimu zetu. `int()` nayo hukata, haikadirii. Hata `round(2.5)` hutoa 2, kwa kuwa Python hukadiria nusu kuelekea namba shufwa iliyo jirani, `round(3.5)` ni 4.

Kwa uzito wa mizani tumia `Decimal` kutoka moduli ya decimal, na uipe maandishi: `Decimal("62.4")`. Ukiandika `Decimal(62.4)` bila nukuu, umeshachelewa, kwa sababu kosa liliingia kabla Decimal haijaipokea namba.

“Faili lipo palepale, Python haioni tu”

Mara nyingi FileNotFoundError ina sababu mojawapo kati ya tatu. Windows imeficha viambishi vya majina, kwa hiyo `mauzo.csv` yako kwa kweli ni `mauzo.csv.txt`, washa chaguo la kuonyesha viambishi. Au programu inaendeshwa kutoka folda nyingine, `print(os.getcwd())` itakutajia iliko, usisahau `import os` juu. Ya tatu ni mikwaju ya nyuma: ndani ya maandishi, `\n` ni mstari mpya na `\t` ni Tab, kwa hiyo `"C:\takwimu\newala.csv"` haisomeki ulivyokusudia. Na njia inayoanza na `"C:\Users` huvunjika papo hapo kwa SyntaxError yenye neno unicodeescape. Tumia mikwaju ya mbele, `"C:/takwimu/newala.csv"`, Windows inaikubali.

“Maktaba nimeshaiweka, mbona inasema haipo?”

Kompyuta moja inaweza kuwa na Python mbili, na pip, programu inayosakinisha maktaba, ikaweka mzigo kwenye ile usiyoitumia. Acha kuandika `pip install` peke yake. Kwa mfano, kwa openpyxl, maktaba ya kusoma faili za Excel, andika `python -m pip install openpyxl`, au `py -m pip` kwenye Windows, ili Python inayoendesha skripti yako ndiyo ipokee. Angalia pia jina la faili lako. Ukiita skripti `csv.py`, basi `import csv` italeta faili lako badala ya moduli halisi, na utaambiwa haina DictReader.

Mashine kuukuu yenye Windows 7 inafaa kujifunzia, ila mwisho wake ni Python 3.8. Kung'ang'ania kusakinisha toleo jipya zaidi ni kupoteza MB.

“Bila intaneti huwezi kujifunza wala kupata msaada”

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota nchi nzima. Na hata siku za kawaida, si kila kijiji cha Liwale au Nanyumbu kina mtandao wa kuaminika. Python ina msaada wake ndani: `help(str.replace)` hueleza amri, `dir("")` huorodhesha kila kinachowezekana na maandishi, na `python -m pydoc -b` hufungua kurasa za maelezo kwenye kivinjari bila kutoka nje ya kompyuta.

Maktaba zinasafiri kwa flashi. Ukiwa mjini penye mtandao:

`python -m pip download openpyxl -d mzigo`

Ukirudi, chomeka flashi, ingia kwenye folda iliyo na `mzigo`, uandike:

`python -m pip install --no-index --find-links mzigo openpyxl`

Toleo la Python na aina ya mfumo vifanane kwenye mashine zote mbili. Kwa openpyxl tofauti ndogo haziumizi, ila kwa maktaba zilizotafsiriwa kuwa lugha ya mashine mzigo utakataliwa.

“Nikituma picha ya skrini na kusema haifanyi kazi, watanielewa”

Picha iliyopigwa kwa simu, imeinama na ina mwanga wa dirisha, humlazimisha anayekusaidia aandike upya msimbo wako. Wengi watapita kimya. Tuma ujumbe wa kosa wote kama maandishi, neno kwa neno. Usiutafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yale ya Kiingereza ndiyo anayoyatafutia. Ongeza toleo lako (`python --version`), mistari michache inayozunguka ile iliyotajwa, ulichotarajia, na ulichopata.

Msimbo ukiupitisha WhatsApp kama ujumbe wa kawaida, nyota zinazozunguka neno hugeuka wino mzito na kupotea machoni. Ukiupitisha Word, nukuu zilizonyooka hupindwa, na atakayeunakili ataambiwa `invalid character '“' (U+201C)`. Tuma faili la .py lenyewe kama waraka. Kama ni mistari mitatu, izungushie alama tatu za ` kila upande.

Kabla ya kutuma, punguza. Futa kila sehemu isiyohusika mpaka ibaki mistari kumi inayotoa kosa lilelile. Nusu ya maswali hujijibu hapo. Ukimpelekea roboti wa akili bandia, punguza vilevile, na jibu lake lijaribu kwa mistari mitatu ya data uliyokokotoa kwa mkono. Roboti hao wanaweza kutaja amri zisizokuwepo kwa kujiamini kabisa.

Data nayo tuma mistari mitatu tu, na isiwe ya watu halisi. Orodha ya chama ina majina, namba za simu na akaunti za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Andika Mkulima A, Mkulima B, acha kilo na alama zote kama zilivyo kwenye faili, hata ile nafasi tupu baada ya Mahuta, maana huenda ndiyo kosa lenyewe.