Je, wajua kwa nini mwandishi wa riwaya ya ujasusi iliyopendwa Uingereza alipigwa risasi Dublin?

Tarehe 24 Novemba 1922, katika kambi ya Beggars Bush jijini Dublin, askari wa serikali mpya ya Ireland walimpiga risasi Erskine Childers, mwanamume wa miaka 52. Kosa lililomtia hatiani lilikuwa kukutwa na bastola ndogo. Rufaa yake ilikuwa bado haijaamuliwa. Waliomuua walikuwa Waireland, na yeye alikuwa ametumia miaka yake ya mwisho kuipigania Ireland. Lakini Waingereza walikuwa wakimjua tangu 1903 kwa sababu nyingine kabisa: ndiye aliyeandika The Riddle of the Sands, riwaya ya ujasusi iliyowatia hofu ya kuvamiwa na Wajerumani.

Ili kuelewa alivyofika mbele ya bunduki zile, inafaa kuanza na kitabu chenyewe na namna kilivyosomwa.

Kisa chake si kirefu kusimulia. Carruthers, kijana wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, anaalikwa na rafiki yake Davies kwenda kuwinda bata. Anapofika anakuta mashua ndogo ya matanga, Dulcibella, na Davies mwenye wasiwasi mwingi. Wawili hao wanaingia katika visiwa vya Frisia, pwani ya Ujerumani, mahali ambapo maji yakipwa bahari yote hugeuka mafungu ya mchanga yaliyokatwa na vijito vyembamba. Humo wanagundua mpango: Wajerumani wanajiandaa kuvusha jeshi kwa matishali, yaani vyombo bapa vya mizigo, yatakayovutwa hadi pwani ya Uingereza.

Wasomaji wengi wa leo hulalamika kwamba kitabu kinachelewa kuanza, na kwamba kurasa nyingi mno zinahusu kina cha maji, upepo, nanga na dira. Mimi naona wanachokilalamikia ndicho kilichokipa nguvu. Childers alikuwa baharia wa kweli. Mwaka 1897 alikuwa amesafiri katika maji hayohayo kwa mashua yake Vixen, na mengi aliyoyaandika yalitoka katika safari ile. Alitia ramani ndani ya kitabu, mafungu na njia za maji vikiwa vimechorwa. Tena hakujitaja kama mtunzi. Alijitambulisha kama mhariri tu wa taarifa ya kazi ya siri iliyofanyika hivi karibuni. Msomaji wa 1903 aliyefungua ramani na kumfuata Davies fungu kwa fungu, saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mambo haya yametokea.

Na aliamini. Mjadala kuhusu ulinzi wa pwani ya mashariki ulipamba moto, na baadaye watu wakaanza kusema kwamba kitabu ndicho kilichoifanya serikali ijenge kituo cha manowari cha Rosyth, Scotland. Hilo si kweli. Uamuzi wa Rosyth ulitangazwa Machi 1903, na kitabu kikatoka Mei. Childers mwenyewe aliongeza maelezo mwishoni mwa kitabu akisema kwamba kikiwa bado kwa mchapaji, hatua hiyo ilikuwa imeshachukuliwa. Hata hivyo hadithi ya Rosyth imedumu, kwa sababu watu walitaka kitabu kiwe na uwezo huo.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea 1910. Maofisa wawili wa Uingereza, Bernard Trench na Vivian Brandon, walikamatwa wakipeleleza ngome za pwani ileile ya Ujerumani. Walipofikishwa mahakamani Leipzig, Brandon aliulizwa kama anakijua kitabu cha Childers. Alikiri kwamba amekisoma mara tatu. Wakahukumiwa kifungo cha miaka minne, kisha wakaachiwa mwaka 1913. Yaani riwaya ilikuwa imeshaingia katika jalada la kesi ya majasusi halisi.

Sasa Ireland. Childers alizaliwa London mwaka 1870 kwa baba Mwingereza na mama Mwireland. Wazazi wote wawili walifariki akiwa mdogo, naye akalelewa na ndugu za mama yake, ukoo wa Barton, katika nyumba ya Glendalough huko Annamoe, jimbo la Wicklow. Elimu na kazi vilikuwa vya Kiingereza: Cambridge, ukarani katika Bunge la London, uaskari wa kujitolea dhidi ya Makaburu Afrika Kusini. Moyo ulikuwa ukihama polepole kuelekea Wicklow.

Julai 1914 alifanya jambo ambalo Davies wa riwayani angelitambua mara moja. Waunganishaji wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, waliotaka kubaki chini ya London, walikuwa wameingiza maelfu ya bunduki kwa siri kupitia bandari ya Larne miezi mitatu nyuma. Wazalendo wa Ireland, waliotaka kujitawala, nao wakataka za kwao. Childers na mkewe Molly, Mmarekani kutoka Boston, walitweka matanga ya mashua yao Asgard, wakakutana karibu na pwani ya Ubelgiji na tagi, meli ndogo ya kuvuta nyingine, iliyotoka Hamburg, wakapakia bunduki 900 za Mauser hadi pasipobaki pa kulala. Wakapita katikati ya manowari za Uingereza zilizokuwa mazoezini. Tarehe 26 Julai waliingia Howth, karibu na Dublin, mchana kweupe. Baadhi ya bunduki hizo zilitumika katika uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza.

Siku chache baadaye vita vikuu vikaanza, na Jeshi la Wanamaji la Uingereza likamchukua mtu huyohuyo, kwa kuwa hapakuwa na wengi walioijua pwani ile kama yeye. Alishiriki mashambulizi ya ndege dhidi ya Cuxhaven, katika pwani ya Ujerumani, siku ya Krismasi 1914, na baadaye akapata nishani. Vita vilipokwisha alihamia Dublin, akawa mwenezi wa habari wa harakati za uhuru.

Hapa ndipo sifa ya kitabu ilipomgeuka. Mwaka 1921 alikuwa katibu wa ujumbe wa Ireland katika mazungumzo ya London kuhusu kujitawala kwa Ireland, na mkataba uliposainiwa tarehe 6 Desemba aliupinga kwa sababu uliwabakiza Waireland katika kiapo kwa mfalme. Katika Bunge la Dublin, Arthur Griffith, mmoja wa waliousaini, alikataa kumjibu akimwita Mwingereza aliyelaaniwa. Mnong'ono kwamba ametumwa na London ulikuwa umeshaenea. Mtu aliyeandika ujasusi kwa ustadi ule, aliyevaa sare ya Uingereza, mwenye lafudhi ile, angekuwa nini kama si jasusi? Ushahidi haukuletwa. Nadhani kitabu chenyewe kilikuwa kimewaandaa watu kumwona hivyo: walishazoea kumchukua kama mtu anayejua siri kuliko anavyosema.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya waliokubali mkataba na waliopinga vilipoanza Juni 1922, kazi yake upande wa waliopinga mkataba ilikuwa hasa kuchapa gazeti, akihamahama na mtambo huko kusini. Serikali nayo ilimsawiri kama ubongo wa vita. Novemba 10 alikamatwa Annamoe, katika nyumba alimokulia. Bastola aliyokutwa nayo alipewa na Michael Collins, mwingine wa waliousaini mkataba, walipokuwa bado upande mmoja. Siku iliyofuata kukamatwa, mwanasiasa wa Uingereza Winston Churchill alisimama Dundee, Scotland, akafurahia hadharani kukamatwa kwake, kama msaliti wa Uingereza.

Kwa hiyo pande mbili zilizokuwa zikipigana juzi tu zilimchukia kwa sababu zinazopingana: huku jasusi wa Waingereza, huku Mwingereza aliyeasi. Kabla ya kuuawa aliwapa mkono askari wa kikosi kile mmoja mmoja. Mwanawe wa miaka 16 alimwahidi kwamba atawapa mkono wote waliotia saini hukumu yake. Mwana huyo, Erskine Hamilton Childers, alichaguliwa kuwa rais wa Ireland mwaka 1973.

Anayetaka kukisoma kitabu leo atafute toleo lenye ramani zote, maana bila hizo sura za mafungu hazifuatiki, na hataona kwa nini watu wa 1903 walisadiki.