Fahamu yetu inaweza kujua vitu vilivyo hasa? Anza na punje mbili za mahindi

Kwenye kipindi chetu kimoja cha elimu kwa umma pale Mikindani, kijana wa kidato cha tano aliniuliza, "Ticha, hii akili tuliyonayo inaweza kweli kuvijua vitu vilivyo hasa, au tunaona tu kile ubongo unachotupa?" Nafundisha fizikia chuo hapa Mtwara na swali hili nalipenda sana, kwahiyo sikumjibu kwa maneno kwanza, niliomba mahindi.

Jaribu na wewe. Weka punje mbili juu ya mkeka, moja kushoto moja kulia, ziachane kama sentimita 10. Fumba jicho la kushoto, la kulia likodolee ile punje ya kushoto tu, alafu uso unausogeza mbali na mkeka taratibu. Ukifika sentimita 35 au 40 hivi punje ya kulia inapotea. Inapotea kabisa! Na huoni shimo wala doa jeusi, unaona mkeka umesukwa vizuri tu hapo hapo, yaani ubongo umejisukia wenyewe. Picha ya punje hiyo imeangukia pale nyuma ya jicho ambapo mshipa wa jicho unatokea kwenda kwenye ubongo, hapo hamna chembe za kupokea mwanga, na pengo hilo umezaliwa nalo.

Na hata pale tunapoona tunaona kidogo mno, mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700 basi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Sikio letu linakomea hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, pomboo wa huko baharini anavuka 100,000 bila shida.

Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani alishasema mwaka 1781 kwamba tunavijua vitu vinavyotutokea, sio vilivyo vyenyewe. Sasa wengi wakisikia hivyo wanasema aah, basi kila mtu na ukweli wake. Hapo mimi nakataa kabisa. Gesi ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, iligunduliwa 1982 na hakuna jicho lililoiona kule chini. Kazi ya kutafuta gesi inaenda hivi, unapeleka mitetemo ardhini, unasikiliza mwangwi unavyorudi, unachora ramani ya miamba, alafu unachoronga uone kama ramani ilisema kweli, na mara nyingine shimo linatoka kavu, na hilo shimo kavu ndo linakuonyesha kuna kitu huko chini kisichojali wewe unawaza nini. Hata ile punje, ukifumbua jicho la pili inarudi.

Ila kijana alikuwa na hoja na sikutaka kumdanganya. Chukua chaji ya umeme, tumeipima kwa usahihi wa ajabu, lakini ukiniuliza chaji ni nini nitakwambia ni kile kinachovuta au kusukuma chaji nyingine. Umeona? Nimekwambia inafanya nini, sijakwambia yenyewe ikoje. Fizikia yote iko hivyo, inajua mahusiano ya vitu, na nikiulizwa vyenyewe kwa ndani vikoje hesabu zangu zinanyamaza.

Kuna kitu kimoja tu tunachokijua kwa ndani, nacho ni fahamu yetu wenyewe. Ukitafuna pilipili, mtaalamu anaweza kufuata ishara za neva kutoka ulimini mpaka kwenye ubongo, ila ule ukali wenyewe unaujua wewe uliyetafuna. Kwa nini ishara hizo zinakuja na hisia? Mwanafalsafa David Chalmers mwaka 1995 aliliita swali hili tatizo gumu la fahamu, na mpaka leo halijapata jibu linalokubalika na wote.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, umbo la uhalisia tunalijua na tutazidi kulijua, kiini chake sidhani kama kipimo chochote kitakifikia, lakini fahamu nayo ni sehemu ya huo huo uhalisia, haijatoka nje kuja kuchungulia, na kwa upande huo mdogo tayari tumo ndani.

Kijana akakaa kimya, kisha akaziomba zile punje akamwonyeshe bibi yake nyumbani.