Je, wajua ni kwa nini bakteria wa puani huwa sugu zaidi ndani ya mapafu yanayougua kwa miaka mingi?

Takriban watu watatu kati ya kumi hubeba puani, bila kujua wala kudhurika, bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi. Ndiye huyo huyo anayesababisha majipu, na ni katika usaha ambapo Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, Uskoti, alimwona mwanzoni mwa miaka ya 1880 akiwa amejikusanya kama kichala cha zabibu, akampa jina linalotokana na neno la Kiyunani lenye maana hiyo.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, bakteria huyu akivutwa na pumzi hunaswa na ute, kisha vinyweleo vidogo vya njia ya hewa huusukuma ute huo juu hadi ukatemwa au kumezwa. Hali ni tofauti kwa mwenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni la CFTR, lililotambuliwa mwaka 1989. Jeni hilo likiharibika, chumvi na maji havipiti ipasavyo katika kuta za njia ya hewa. Ute hukauka na kunata kama ulimbo, na vinyweleo hushindwa kuusukuma. Stafilokokasi mara nyingi huwa miongoni mwa bakteria wa kwanza kupatikana katika makohozi ya watoto wenye ugonjwa huu, na akishaingia hukaa.

Kwa sababu hakai humo bila kusumbua, mgonjwa hupewa antibiotiki mara kwa mara tangu utotoni. Hapo ndipo bakteria huwa sugu, yaani dawa hazimuui tena, na neno lenyewe la Kiswahili lalieleza jambo hili vizuri, kwa maana sugu ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe, ambayo haizaliwi nayo mtu bali huletwa na msuguano wa kila siku. Tofauti ni kwamba si bakteria mmoja mmoja anayekomaa: kila dozi huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wachache ambao, kwa bahati ya mabadiliko ya jeni, dawa haikuwapata.

Usugu unaojulikana zaidi ni ule wa MRSA, yaani stafilokokasi aureasi asiyeuawa na dawa ya methisilini. Penisilini na jamaa zake hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wake. Methisilini, mmoja wa jamaa hao, ilipoanza kutumika mwaka 1959, ilikusudiwa kuwaangamiza stafilokokasi waliokwisha kujua kuivunjavunja penisilini. Lakini kufikia mwaka 1961 tayari wasiodhurika nayo walikuwa wametangazwa Uingereza. Hawa wana jeni liitwalo mecA, linalotengeneza kimeng'enya kingine cha kujengea ukuta ambacho dawa hizo hazikishiki. Nchini Marekani, katika miaka ya 2010, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa sistiki fibrosisi alikuwa akikutwa na MRSA katika makohozi ndani ya mwaka mmoja, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliokutwa nayo waliishi muda mfupi kuliko wenzao.

Hata hivyo, ujanja unaonishangaza zaidi ni mwingine, nao hauhitaji jeni la kuazima kwa bakteria wengine kama mecA. Ndani ya mapafu hayo hutokea stafilokokasi dhaifu, wanaokua polepole na kuunda makoloni madogo mno maabara. Baadhi yao wamezima njia yao ya kuzalisha nishati kwa oksijeni, na jirani yao, bakteria aitwaye sudomonasi, huwasukuma huko kwa kutoa kemikali inayoiziba njia hiyo. Sasa, antibiotiki kama jentamaisini na tobramaisini huhitaji nguvu ya umeme iliyopo kwenye utando wa bakteria ili ziingie ndani. Nishati ikipungua, nguvu hiyo hupungua, na dawa hubaki nje. Hivyo adui wa stafilokokasi humkinga bila kukusudia.

Wengine wamepoteza uwezo wa kujitengenezea thaimidini, kijenzi cha DNA. Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin, huua hasa kwa kukata utengenezaji huo, kwa hiyo haina la kumfanya asiyetengeneza. Thaimidini wanaipata wapi? Katika makohozi yenyewe, ambayo yamejaa DNA ya chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana nao. Na kwa kuwa hukua polepole, sahani ya maabara ikiangaliwa baada ya siku moja tu huweza kuonekana kama hawamo, au wakaonekana wenzao wa kawaida wanaouawa na dawa, na daktari akaandika dawa kwa kufuata jibu hilo.

Ndiyo maana hata wataalamu hawakubaliani kuhusu kutoa antibiotiki kama kinga. Uingereza watoto wachanga wenye ugonjwa huu wamekuwa wakipewa antibiotiki ya flukloksasilini kila siku ili kumzuia stafilokokasi kabla hajaingia. Marekani mwongozo unapinga kinga ya namna hiyo, kwa sehemu kwa sababu jaribio la antibiotiki nyingine, sefaleksini, lilionyesha ongezeko la sudomonasi. Kwa wenye ugonjwa wa mapafu wa wavutaji sigara nako, jaribio la mwaka 2011 la antibiotiki ya azithromaisini ya kila siku kwa mwaka mzima lilipunguza vipindi vya kuzidiwa, lakini bakteria wasiosikia dawa za jamii hiyo wakaongezeka puani mwa waliozitumia.

MRSA akiwahiwa mapema anaweza kuondolewa: katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2017, asilimia 82 ya waliotibiwa mara moja hawakuwa naye siku ya 28, dhidi ya asilimia 26 ya walioangaliwa tu. Dawa mpya za kurekebisha CFTR yenyewe, ambazo mchanganyiko wake wa aina tatu uliidhinishwa Marekani mwaka 2019, hulainisha ute na kupunguza idadi ya bakteria, ingawa kwa wagonjwa wengi stafilokokasi bado hupatikana humo.