Kudhibiti panya ni nini hasa

Wauza sumu ya panya wanaozunguka soko la Owino, Kampala, na kipaza sauti begani sina ugomvi nao, wanatafuta riziki. Kinachoniudhi ni jinsi wapangaji na wenye nyumba siku hizi wanavyosema "nimedhibiti panya". Ukiuliza kidogo unakuta mtu ameweka mkate wenye sumu chini ya kitanda, ameokota mizoga kadhaa, basi. Huyo ameua panya. Kudhibiti bado hajaanza.

Kudhibiti panya ni kuifanya nyumba na kiwanja chake visiweze kulisha wala kuficha panya wengi, na kuendelea hivyo mwaka mzima. Kuua kumo ndani yake, lakini hakutangulii.

Sababu ni kwamba idadi ya panya hufuata chakula na maficho yaliyopo. Jike hubeba mimba wiki tatu hivi, anazaa watoto sita, saba au zaidi, nao wakifika miezi miwili mitatu wanaanza kuzaa. Ukiua nusu yao na gunia la mahindi likabaki wazi pembeni, waliobaki wanakula vizuri zaidi kuliko jana, na wa jirani wanahamia. Ndiyo maana muuza sumu ana wateja walewale kila msimu wa mavuno.

Tena, panya gani? Watu wengi wakiona kadogo wanasema ni mtoto wa wale wakubwa. Mara nyingi ni aina nyingine kabisa, panya mdogo wa nyumbani, ambaye hata akizeeka hafiki gramu 30 au huzidi kidogo tu. Mtoto wa panya mkubwa ana kichwa na miguu mikubwa isiyolingana na mwili wake. Mavi pia yanasema: ya yule mdogo yana milimita 3 hadi 6, ya panya mkubwa wa darini hufika 12 na yamechongoka ncha. Huyu wa darini ana mkia mrefu kuliko mwili na hupanda ukuta, nguzo, hata waya. Nalisisitiza hili kwa kuwa tabia zao hazifanani. Mdogo ni mdadisi, anaonja hapa na pale, kwa hiyo mitego iwe mingi na ikaribiane. Mkubwa huogopa kitu kipya. Mwekee mtego wenye chambo bila kuutega siku kadhaa, azoee, ndipo uutege. Wengi hutega usiku wa kwanza, wanakosa, halafu wanasema panya wa Kampala wamesoma.

West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ndiko tofauti ya kuua na kudhibiti inapoweza kugharimu uhai. Wilaya za Arua na Zombo zimekuwa na tauni kwa miaka mingi. Bakteria wake huenezwa na viroboto wanaoishi juu ya panya. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto wanamwacha na kutafuta damu nyingine, na aliyelala sakafuni ndiye wa karibu. Sasa fikiria mtu anamwaga sumu nyumba nzima kijiji ambacho tauni imeingia. Huko viroboto hushughulikiwa kwanza, panya baadaye. Panya wakionekana wanakufa wenyewe bila sumu, usiwaguse kwa mkono mtupu wala usiwape watoto wakawatupe. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyohiyo. Homa ya ghafla yenye uvimbe wa kinena au kwapa ni ya kukimbizwa kituo cha afya. Tauni inatibika kwa antibiotiki, ila inataka kuwahiwa.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Nafaka iingie kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, maana kavera (mfuko wa plastiki) na gunia hutafunwa usiku mmoja. Ghala la nje liinuliwe, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli karibu mita moja kutoka chini. Vyombo visilale na mabaki. Kuni zisiegemee ukuta. Tundu la milimita 6, upana wa kalamu hivi, linampitisha yule mdogo, kwa hiyo sukumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji juu. Mavi usiyafagie makavu. Yaloweshe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Paka anasaidia, ila asipewe kazi ya pipa.

Sumu ikihitajika, inunuliwe yenye lebo, iwekwe ndani ya kisanduku ambacho mtoto na kuku hawafikii. Kipakiti kisicho na jina wala maelekezo, daktari hatajua atibu nini mtoto akikilamba. Kwa hiyo jirani aliyeokota mizoga yake mitatu tusimbeze, kazi ameianza kwa upande wa mwisho. Mwombe tu akuonyeshe anakoweka mahindi.