Kizingiti cha kusikia: panya hupimwaje masikio?

Kizingiti cha kusikia ni kiwango cha chini kabisa cha sauti ambacho mnyama bado anakigundua. Sauti ikishuka chini ya hapo, kwake hakuna kitu. Kwa binadamu kukipima si kazi kubwa: unaingia kwenye chumba kisichopitisha kelele, unavaa hedifoni, unaambiwa ubonyeze kitufe kila unaposikia mlio. Panya huwezi kumpa maagizo hayo. Tena milio mingi inayomhusu, wewe unayempima huisikii kabisa.

Kizingiti si kimoja. Kila masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, yana kizingiti chake. Masafa hupimwa kwa hezi, na hezi 1,000 ni kilohezi 1. Ukiweka vizingiti vyote kwenye grafu na kuviunganisha unapata mstari wenye umbo la bakuli. Grafu hiyo ndiyo odiogramu: kitako cha bakuli ni pale mnyama anaposikia vizuri zaidi, na kingo mbili ni pale usikivu unapoishia. Ukubwa wa sauti husomwa kwa desibeli. Hapa wengi hukosea, kwa sababu desibeli 0 si kimya. Ni shinikizo la mikropaskali 20, karibu na sauti ndogo kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima huisikia kwenye kilohezi 1. Kila desibeli 20 zinazoongezeka huzidisha shinikizo hilo mara kumi. Ndiyo maana paka, mwenye masikio makali kuliko yetu, ana vizingiti vilivyo chini ya sifuri.

Tunajua mengi kuhusu odiogramu za wanyama kwa sababu ya Rickye na Henry Heffner wa Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio, Marekani, waliopima spishi moja baada ya nyingine kwa miongo kadhaa. Ili kulinganisha wanyama walichora mstari kwenye desibeli 60, takriban ukubwa wa mazungumzo ya kawaida, wakauliza: kwa ukubwa huo, mnyama anasikia kuanzia wapi hadi wapi? Binadamu ni kuanzia hezi 31 hadi kilohezi 17.6. Panya wa nyumbani, yule mdogo, ni kama kilohezi 2.3 hadi 85. Hebu tulia na tarakimu hizo kidogo. Mkizungumza sebuleni, sehemu kubwa ya nguvu ya sauti zenu iko chini ya kilohezi 2, mahali ambapo panya aliye darini karibu hana masikio. Naye mtoto wake akianguka nje ya kiota hulia kwa masafa ya kilohezi 60 na zaidi, mama akakimbia kumbeba, na nyinyi hapo chini hamjasikia lolote.

Sababu ya tofauti hii ni kichwa. Ili kujua sauti imetoka upande gani, mnyama hulinganisha kilichofika sikio la kushoto na kilichofika la kulia. Kichwa kikubwa huzuia mawimbi kwa urahisi, sikio la upande wa pili likapata sauti hafifu zaidi. Kichwa cha panya ni kidogo mno kuzuia mawimbi marefu. Yanakizunguka na kupita. Wimbi la kilohezi 1 lina urefu wa sentimita 34 hivi, la kilohezi 50 halifiki hata sentimita 1. Mwenye kichwa kidogo anahitaji mawimbi mafupi, yaani masafa ya juu. Na anayeishi mahali ambapo swali la upande halina maana anaweza kuyapoteza. Fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo yake Kenya, Ethiopia na Somalia, amekomea karibu na kilohezi 13, na hata pale anaposikia vizuri zaidi anahitaji desibeli kama 35. Ndani ya shimo refu jembamba sauti huja kutoka mbele au nyuma tu.

Sasa kipimo chenyewe. Njia ninayoiamini zaidi ni ile inayomuuliza mnyama kwa kutumia kiu yake. Panya hunyimwa maji kwa muda, kisha huwekwa kwenye kizimba kidogo cha waya, katika chumba chenye sponji nene ukutani ili sauti isirudi. Mbele yake kuna kibomba kinachotoa maji kidogo kidogo kadiri anavyoramba. Anaramba, anaramba. Mara unalia mlio, na unapokatika kibomba kinampa mshtuko hafifu wa umeme. Baada ya siku chache ameshajua: akisikia mlio huondoa ulimi, husubiri yapite, hurudi kunywa. Basi ulimi wake umekuwa kile kitufe. Mtafiti anapunguza sauti hatua kwa hatua hadi panya anaendelea kunywa kana kwamba hakuna kilicholia.

Kibomba kina faida ya pili ambayo wengi hawaioni. Kinamfanya panya aweke kichwa mahali palepale kila mara. Sauti za masafa ya juu hubadilika nguvu ukisogea sentimita chache tu, kwa hiyo maikrofoni ya kipimo huwekwa hasa pale kichwa kitakapokuwa. Bila hivyo, tarakimu za desibeli hazina thamani.

Kuna panya mwoga, anayeondoa ulimi hata pakiwa kimya. Huyo ataonekana ana masikio ya ajabu. Kwa hiyo kimya nacho huhesabiwa. Tuseme amesita mara 80 kati ya milio 100, lakini pia mara 20 kati ya vipindi 100 vya kimya. Alama yake si 0.80, hutolewa zao la 0.80 na 0.20, ikabaki 0.64. Kizingiti ni pale alama hiyo iliyosahihishwa inaposhuka hadi 0.50. Odiogramu moja kamili huchukua wiki nyingi.

Ndiyo maana maabara nyingi hutumia njia ya haraka. Panya huchomwa nusukaputi, hulazwa juu ya pedi yenye joto kwa sababu mwili ukipoa majibu ya neva huchelewa, kisha elektrodi nyembamba kama sindano huingizwa chini ya ngozi ya kichwa. Milio mifupi ya milisekunde chache hurudiwa mara mamia, na kompyuta hutafuta wastani wa umeme unaotoka. Kwenye skrini huinuka vilima vitano hivi ndani ya milisekunde 10 za mwanzo. Cha kwanza ni neva ya kusikia. Vinavyofuata ni vituo vya shina la ubongo. Desibeli 80, vilima vimesimama wazi. Desibeli 50, vimelainika na kuchelewa kidogo. Desibeli 30, kimebaki kimoja, nawe unasogeza uso karibu na skrini kuuliza kama kweli kipo. Kikitoweka, umefika kizingiti.

Kizingiti hicho, hata hivyo, mara nyingi huwa juu kuliko cha ulimi kwa desibeli 10 hadi 30. Mlio mfupi ni mgumu kusikika kuliko mrefu, na neva nyingi lazima ziitike kwa pamoja ndipo kilima kionekane. Kuchukua namba ya panya mmoja kwa njia hii na ya mwingine kwa njia ile, kisha kusema huyu kiziwi kuliko yule, ni kosa. Elektrodi zinakuambia ishara imefika shina la ubongo. Kwamba panya amesikia, ni panya pekee awezaye kukuambia.

Na kupima ni lazima hata pale usikivu si mada. Panya weusi wa ukoo wa C57BL/6, wanaotumika sana maabara duniani, wana kasoro ya jeni iitwayo Cdh23 inayoua usikivu wao wa masafa ya juu mapema, wakiwa bado na umri wa miezi tu. Mtafiti anayemfundisha panya wa ukoo huo aliyetimiza mwaka kwa mlio wa kilohezi 20, akaona hajifunzi, aanze na odiogramu kabla ya kuandika kwamba kumbukumbu ya mnyama imeharibika.