Chipu Chini ya Ngozi: Hiari Yako Inalindwa na Sheria Gani?

Wanawake wengi hapa Nairobi wanaishi na kijiti cha kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono. Mhudumu wa afya anayekiweka anapaswa kueleza kwanza kinafanya nini, kinadumu miaka mingapi na kinatolewa vipi. Mwenyewe akikichoka, anarudi kliniki kitolewe. Naanza na kijiti kwa sababu kina mambo ambayo sheria inayadai mwili wa mtu unapoguswa: maelezo, ridhaa, na nafasi ya kubadili nia. Chipu ya elektroniki tuipime kwa kipimo hicho hicho.

Chipu yenyewe ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kimefungwa ndani ya kioo na huingizwa kwa sindano nene kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Haina betri. Husomwa mkono ukisogezwa karibu kabisa na mashine, kama ile kadi ya kufungulia mlango wa ofisi. Haiwezi kumfuata mtu kwa setilaiti kutoka Gikomba hadi Rongai, na wanaoeneza hivyo wanawatia watu hofu bure. Linalonitia wasiwasi mimi ni rekodi. Kila mlango unaoisoma unaweza kuandika saa uliyoingia, saa uliyotoka na mara ngapi ulikwenda msalani, na rekodi hiyo inabaki kwa mwenye mlango.

Mwaka 2017 kampuni ya Three Square Market huko Wisconsin, Marekani, iliwapandikizia chipu wafanyakazi wapatao 50 waliojitolea. Lakini tangu 2006 jimbo hilo lilikuwa na sheria inayokataza kumlazimisha mtu yeyote kupandikizwa chipu. Faini inafika dola 10,000, na kila siku kosa likiendelea linahesabiwa upya. Mfanyakazi aliyekataa alikuwa na sheria ya kuegemea.

Kenya haina sheria ya chipu peke yake, ila Mkenya hayuko uchi. Katiba ya 2010 inalinda utu wake katika Kifungu cha 28, uhuru na usalama wake katika cha 29, na faragha yake katika cha 31, pamoja na haki ya kutopekuliwa mwilini. Kifungu cha 20 nacho kinasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba yenye haki hizo, inamfunga kila mtu. Kwa hiyo mwenye kiwanda pale Industrial Area hawezi kudai kwamba Katiba ni ya kuibana serikali tu.

Uzito mkubwa uko kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tuseme bawabu anaambiwa, “Weka chipu, au tutamtafuta mwingine.” Anatia sahihi. Je, ameridhia? Sheria inamtaka anayekusanya data ndiye athibitishe kwamba ridhaa ilipatikana. Inataka pia iangaliwe kama kazi ilifungwa kwa sharti la kukubali. Na inampa bawabu haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Kwa maoni yangu, sahihi iliyotolewa kwa kuogopa kukosa unga haina hiari ndani yake.

Pesa nazo zinaweza kuivuruga hiari. Tuliona foleni za KICC mwaka 2023, watu wakipigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ili wapate sarafu za kidijitali za thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku 7. Ridhaa iliyovutwa kwa sarafu haikutosha. Hukumu hiyo ilihusu macho, lakini naamini hoja yake itamfaa yeyote atakayeahidiwa bonasi ili atoe mkono wake.

Kuna wanaoikataa chipu kwa sababu ya imani, wakiiona kuwa ni alama ya mnyama. Wasidharauliwe. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya dini yake.

Aliyejichora tatoo au kutoga pua ana kinga nyembamba zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja ubaguzi wa kabila, jinsia, ulemavu, ujauzito na mengine, ila mwonekano wa mwili haumo katika orodha. Mwanafunzi Mrasta wa Kibera aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya rasta zake alishinda kesi mwaka 2019, lakini alishinda kwa sababu nywele zake zilikuwa sehemu ya dini yake. Tatoo ya urembo haina mlango huo. Bunge lingepaswa kuliziba pengo hili.

Hiari nayo ina mpaka wake. Machi 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi iliyotaka mwanamke mtu mzima aruhusiwe kuchagua kukeketwa. Ridhaa haihalalishi ukeketaji, na nakubaliana na hukumu hiyo kikamilifu.

Ukiletewa pendekezo la chipu, dai maandishi kabla ya sindano: nani atasoma rekodi, zitahifadhiwa muda gani, nani atalipia kuitoa chipu ukiacha kazi, na anayekataa atatumia kadi gani badala yake. Ukikuta umebanwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90. Ukifutwa kazi kwa kukataa, nenda kwa afisa wa leba au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na ile karatasi uliyopewa usiiache nyumbani.